SAMAKI ANA CHETI, MFANYAKAZI HANA



Katika toleo hili twataka kusema juu ya samaki. Huenda wengine wenu mkacheka na kuuliza, "Chama cha wafanyakazi na samaki, wapi na wapi?" Ngojeni kwanza. Mbuta aliyevuliwa usiku katika Ziwa Victoria hufika kiwandani Kisumu, hukatwa minofu, hufungwa katika maboksi yenye barafu, hupelekwa Nairobi kwa lori na kupandishwa ndege, na baada ya siku chache yuko sokoni Ulaya. Aliyegandishwa huteremshwa mpaka Mombasa na kupakiwa melini. Njiani amepita katika mikono mingi: mvuvi, mpagazi, mwuza barafu, dereva, mkata minofu, mfunga maboksi, karani, kuli wa bandari na mpakiaji wa ndege. Hiyo yote ni mikono ya wafanyakazi. Mlango ukifungwa huko ng'ambo, mikono hiyo yote hubaki mitupu. Basi mwanachama wa bandari au wa uwanja wa ndege asiseme kwamba habari hii ni ya watu wa ziwani peke yao.

Tena biashara hii si ndogo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, lilihesabu kwamba mwaka 2022 samaki na viumbe wengine wa majini waliouzwa kati ya nchi na nchi walikuwa na thamani ya dola bilioni 195 za Kimarekani. Sisi hatutaki kuhesabu fedha za watu. Swali letu ni moja tu: biashara hiyo ikishikwa na homa, nani anayetetemeka?

JINSI MBUTA ALIVYOKUJA

Wazee wa kando ya ziwa wajua kwamba mbuta hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akitolewa katika maziwa mengine kama Albert na Turkana. Kwa miaka mingi alikuwa haba. Kisha kufika miaka ya 1980 akajaa ziwa zima. Akawala fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, hata aina nyingi zikatoweka. Ngege wa asili, ambaye nyavu zilikuwa zimekwisha kumpunguza, akazidi kuwa haba.

Mwanzoni watu wetu hawakumpenda mbuta. Walisema ana mafuta mengi, tena ni mkubwa kupita kiasi cha sufuria. Lakini watu wa Ulaya walipenda mnofu wake mweupe usio na miba. Viwanda vikajengwa Kisumu na Homa Bay, na kwa jirani zetu Mwanza, Musoma, Jinja na Entebbe. Vijana kwa wanawake wakapata kazi ya kukata na kufunga. Hilo hatulikatai, ni kweli kwamba biashara hii ililisha nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi.

Lakini tangu siku zile alama ya biashara hii ilionekana wazi. Minofu ilipanda ndege. Kilichobaki nyumbani ni kichwa na mifupa, ndicho tunachokiita mgongo wazi, nacho hukaangwa na mama zetu wa Obunga na kuuzwa kwa maskini. Wenzetu wa Mwanza hukiita mapanki. Sisi hatuwadharau wanaokula mgongo wazi. Wengi wetu tumelelewa nao. Twasema tu kwamba mtu akitaka kujua mgawanyo wa mali ya ziwa hili ulivyo, hana haja ya kusoma vitabu. Na atazame samaki yule mmoja, aone nani amepata mnofu na nani amepata mfupa.

MILANGO ILIPOFUNGWA

Mwishoni mwa mwaka 1996 na katika mwaka 1997, Hispania na Italia zilikataa mbuta wa ziwa letu, zikisema ameonekana na vijidudu vya salmonela. Kabla jambo hilo halijatulia, mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997 zilikuja na kipindupindu kikaenea Afrika ya Mashariki. Umoja wa Ulaya ukakataza samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani na FAO yalieleza kwamba hatari ya kupata kipindupindu kwa chakula kilichotoka nchi nyingine ni ndogo, na kwamba kukataza biashara si dawa ifaayo. Hata hivyo, zuio hilo liliendelea mpaka katikati ya mwaka 1998.

Haikupita hata mwaka, likaja la tatu. Mwaka 1999 ilijulikana kwamba upande wa Uganda kulikuwa na watu waliotia dawa za kuulia wadudu majini ili wapate samaki upesi. Uganda yenyewe ilisimamisha kupeleka samaki Ulaya, na Umoja wa Ulaya ukawafungia mlango wote watatu. Tanzania ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2000, Uganda katikati ya mwaka huo, na Kenya ikawa ya mwisho, mwaka 2000 ulipokuwa ukielekea kwisha.

Sasa tuulize: katika miaka ile, nani alilipa? Wenye viwanda walipata hasara, nasi hatusemi uongo juu ya hilo. Viwanda vingine vilifungwa kabisa. Lakini mwenye kiwanda alikuwa na benki ya kuzungumza nayo, na aliweza kugandisha samaki wake na kutafuta wanunuzi katika nchi nyingine. Mvuvi naye aliona bei ikianguka pale bichi, na samaki hangoji bei ipande; akikaa ameoza. Na kibarua wa kiwandani? Yeye alifika asubuhi akakuta mlango umefungwa, nyapara akamwambia, "Leo hakuna kazi, rudi kesho." Akarudi kesho, na kesho kutwa. Hakupewa notisi, hakulipwa siku zilizopotea, kwa sababu katika karatasi za kiwanda hakuandikwa kuwa mtu wa kiwanda. Aliyekuwa amesimama mahali hapo miaka minne mitano, akikata samaki kila siku, aliambiwa kwamba ni mtu wa kutwa.

JE, WANUNUZI WALIKOSA?

Hapa yatupasa kusema kweli, hata kama kweli yatuuma. Bichi nyingi hazikuwa na choo, wala maji safi, wala barafu, wala gati. Samaki walilazwa mchangani, juani, wakikanyagwa. Mtu anayenunua chakula ana haki ya kukitaka kiwe safi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1991 iliyataka mataifa yanayopeleka samaki kule yawe na ukaguzi wa serikali ulio sawa na wa kwao, na viwanda vichunguze kila hatua, toka samaki anapopokewa mpaka anapofungwa, na kuandika yaliyoonekana. Sheria hiyo si adui wa mfanyakazi. Kiwanda kilicho safi ni kizuri pia kwa yule anayefanya kazi ndani yake.

Kosa tunaloliona sisi ni la namna mbili.

Kwanza, usafi umefanywa kuwa wa mgeni tu. Kwa nini barafu iletwe bichi kwa ajili ya samaki wa Ulaya, na yule wa soko la Kibuye abaki na nzi? Mtoto wa Kisumu naye ana tumbo. Kama serikali na wenye mali waliweza kujenga gati, maabara na vyumba vya baridi walipoona Ulaya imefunga mlango, basi waweza kujenga vyoo na mabomba kwa ajili ya watu wa nchi.

Pili, gharama ya usafi huteremka kama maji ya mvua, ikitafuta mahali palipo chini. Maabara ni gharama, lori la baridi ni gharama, makaratasi ni gharama. Mnunuzi wa Ulaya hataki kuongeza bei, maana akiona mbuta ni ghali atanunua samaki wa kufugwa kutoka Vietnam. Mwenye kiwanda hataki kupunguza faida. Basi kinachopunguzwa ni bei ya mvuvi pale bichi na ujira wa kibarua pale mezani. Hao wawili hawana pa kuiteremshia.

USHURU UMEONDOKA, CHETI KIMEBAKI

Wengine husema kwamba shida ya biashara hii ni ushuru. Si hivyo. Toka Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, samaki wetu wamekuwa wakiingia Ulaya bila ushuru, na mkataba mpya wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2024 umeendeleza njia hiyo. Siku hizi mlango haushikwi na mtoza ushuru bali na mkaguzi. Mwenye cheti hupita. Asiye na cheti hurudi.

Basi tutazame cheti hicho chataka nini. Boksi la minofu lina namba ya kiwanda kilichokubaliwa, tarehe na aina ya samaki. Kuna vitabu vinavyoonyesha baridi ya chumba, dawa iliyotiwa katika maji, na saa samaki alipopokewa. Yote hayo ni sawa. Lakini hakuna mstari unaouliza mkono uliomkata samaki huyo ni wa nani, umesimama katika maji ya baridi saa ngapi, na jioni umelipwa nini. Samaki ana cheti. Aliyemkata hana hata barua ya kazi.

Tunataka wenye viwanda na wakaguzi wafikiri neno moja nasi. Kanuni yasema mtu mwenye kuhara asishike chakula. Ni kanuni nzuri. Lakini kibarua anayelipwa kwa siku, akiamka na tumbo bovu, atafanya nini? Akisema ni mgonjwa, atarudishwa nyumbani bila senti, na kesho huenda nafasi yake imekwisha kupewa mwingine. Watoto wake watakula nini? Basi atanyamaza, atavaa koti jeupe na kofia, na atakata samaki. Hapo maabara ya mamilioni yafaa nini? Salmonela haisomi cheti. Kinga ya kwanza ya chakula ni mfanyakazi anayeweza kusema, "Leo mimi ni mgonjwa," bila ya kuogopa njaa.

Kwa hiyo madai yetu juu ya kazi ya kudumu si jambo la kando ya biashara. Ni sehemu ya usafi wenyewe. Anayetaka samaki salama kwa bei ya kibarua asiye na haki anajidanganya, naye atadanganyika mpaka siku mlango utakapofungwa tena.

SAMAKI WANAPUNGUA

Kuna shida nyingine ambayo hakuna mkaguzi wa Ulaya aliyeileta. Mbuta anapungua. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Nchi zetu tatu ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria kwa mkataba uliotiwa sahihi Kisumu mwaka 1994, na zikakubaliana kwamba mbuta wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85, ili wadogo wakue na wakubwa wazae. Lakini nyavu za macho madogo zimo ziwani kila usiku, na wanunuzi wa samaki wachanga wapo. Viwanda vilivyokuwa vikilia kutwa kucha katika miaka ya 1990 sasa baadhi vimenyamaza, na vingine hufanya kazi siku chache tu kwa juma.

Wakati huohuo masoko yetu wenyewe yamejaa samaki wa kugandishwa kutoka China. Mwaka 2018 jambo hili lilileta makelele makubwa, na serikali ikatangaza kuwazuia, lakini zuio halikudumu, kwa kuwa samaki wetu hawatoshi. Haya ni maajabu: nchi yapeleka minofu yake nje kwa ndege, na yaleta samaki wengine kwa meli ili watu wake wale.

Hapa twawaonya wanachama wasiingie katika maneno ya chuki. Mfanyakazi wa China na wa Vietnam anayekata samaki si adui yetu. Yeye pia amesimama katika maji ya baridi, naye pia huambiwa kwamba akidai nyongeza, kazi itahamia kwetu. Sisi huambiwa kwamba tukidai nyongeza, kazi itahamia kwao. Mradi kila mmoja wetu aogopeshwe kwa jina la mwenzake, ujira wa sote hauwezi kupanda.

WAJIBU WETU NA MADAI YETU

Kwanza wajibu, maana mwenye kudai haki na aanze kwa kufagia mlango wake. Mwanachama asiipokee kazi ya kukata samaki aliye chini ya kipimo bila ya kuwaambia wawakilishi wetu. Anayejua habari ya sumu ziwani na akanyamaza anaua kazi ya maelfu. Mwaka 1999 ni shahidi. Na kanuni za usafi kiwandani tuzishike hata nyapara asipotazama, kwa kuwa hasara ya uchafu humfikia mnyonge kwanza.

Sasa madai. Haya si maombi ya fadhili. Mengi yamo katika sheria za nchi tayari.

1. Barua ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, fungu la 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kwa miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mwezi. Wenye viwanda hutuambia kwamba samaki leo yupo, kesho hayupo, kwa hiyo hawawezi kuandika watu. Sisi twajibu: kama samaki amekuwepo miaka mitano na mtu yuleyule akamkata miaka mitano, huyo si wa kutwa.

2. Malipo ya ugonjwa. Sheria hiyohiyo humpa mfanyakazi, baada ya miezi miwili ya kazi, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara mzima na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Na kile cheti cha afya cha wanaoshika chakula kilipiwe na mwenye kiwanda, si na mtu asiyejua kama kesho atakuwa na kazi.

3. Kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Twataka wajumbe wetu wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe, nao wawepo mkaguzi anapokuja, na waruhusiwe kusema naye.

4. Mfuko wa siku za kufungwa. Kila kilo ya minofu inayotoka nje itoe kiasi kidogo kiwekwe katika mfuko, unaosimamiwa na wenye viwanda, chama na serikali. Siku mlango wa ng'ambo ukifungwa, au ndege zikikoma kuruka kama mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona, mfanyakazi apate posho. Hili halimo katika sheria bado. Yatupasa kulipigania katika mapatano yetu na waajiri.

5. Wavuvi walioajiriwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 188 juu ya kazi ya uvuvi, ambao Kenya iliukubali mwaka 2022, wahusu uvuvi wa biashara katika maziwa na mito pia, si baharini tu. Kijana anayevuta nyavu katika mashua ya mtu mwingine ana haki ya mapatano ya kazi yaliyoandikwa. Wangapi wanayo?

6. Kiti mezani. Mkataba wa biashara na Ulaya una sehemu inayotaja haki za wafanyakazi. Basi wakati wa kuangalia jinsi mkataba huo unavyofuatwa, wawakilishi wa wafanyakazi wawe ndani ya chumba, si nje wakingoja kusomewa.

Ndugu, hayo hayatakuja kwa kuandikwa katika gazeti hili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Na sheria yamlazimisha mwajiri kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoweza kuwa wanachama. Zaidi ya nusu! Hilo ndilo neno la kushika. Kiwanda chenye vibarua 200 na wanachama 40 hakina chama mbele ya mwajiri. Kina kundi la watu wanaolalamika.

Basi kila mwanachama wa kiwanda cha samaki amlete mwenzake mmoja ofisini kwa tawi. Aliye na kadi za kazi, vipande vya malipo au daftari alimoandika siku zake, avilete, hata kama vimelowa na kunuka samaki. Karani wetu atavipokea. Hivyo ndivyo vyeti vyetu, na kwa hivyo tutaonyesha nani ni mtu wa kutwa na nani ni mtu wa kiwanda.

Siku moja mlango wa ng'ambo utafungwa tena. Ulikwisha kufungwa mara tatu. Tukingoja mpaka siku hiyo, tutaambiwa tena, "Rudi kesho." Tukijipanga sasa, tutakuwa na karatasi mkononi na chama nyuma yetu.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Mhariri